Watu Saba wa Bwawani

Jumapili, tarehe 4 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako ya mwaka mpya nimeipata, na huruma yako nimeipata pia, kurasa mbili nzima. Sasa iweke kando. Dada yako ana watu.

Usicheke. Uliposikia kwamba yule muuguzi wa chumba cha jirani amestaafu na kwenda kwa wanawe, si uliniandikia kwamba nitaota ukungu humu ndani? Basi juzi nilikuwa napeleka mashuka wodini, nikaona tangazo kwenye ubao wa hospitali. "Matembezi ya Kiangazi. Kutazama ndege na vipepeo, bwawa la bustani ya mji. Kila Jumamosi ya Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wote mnakaribishwa." Nikajiambia, kama ni wote, basi na mimi nimo.

Jana nikaenda. Tulikuwa saba ukimhesabu mtunza bustani anayetuongoza. Yeye ni mrefu, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali. Kuna mwalimu mstaafu mwenye kofia pana kama sinia, anataka kila ndege aandikwe jina lake na herufi kubwa mwanzoni. Kuna mke wa daktari wa meno, huyo alikuja na viatu vya harusini akawa anatembea kama anakanyaga mayai. Kuna mume na mke wanaogombania darubini moja mpaka ndege anachoka kusubiri. Na kuna bwana mmoja mnene tunamwita Meza, kwa sababu kila mtu anaweka vitu vyake juu ya tumbo lake akiketi. Tulicheka, mdogo wangu, mpaka mtunza akatuambia tunafukuza ndege.

Tukaona mdiria ameketi juu ya bomba la maji, mgongo wake wa buluu unawaka. Akadumbukia, akatoka na samaki mdogo. Mimi na cherehani yangu miaka ishirini na sita sikuwahi kujua kwamba dakika kumi kutoka kazini kwangu kuna kiumbe wa rangi ile.

Kwa hiyo usiniulize tena kama nitakuja kukaa kwenu. Mna nyumba yenu na kelele zenu. Mimi niko sawa.

Msalimie shemeji na pacha.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 12 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimecheka hapa dukani nikiwa nimeshika mkate wa mteja, akaniuliza kama mkate una kasoro. Huyo Meza naomba nimwone kabla sijafa!

Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Nilikuwa nimekuandalia kile chumba cha nyuma, lakini sasa naona huna haja nacho, na ni vizuri hivyo. Mtu mwenye watu wake huwezi kumng'oa.

Shemeji yako yuko safarini na lori, anakusalimu. Pacha wanamsalimu mama mkubwa wao. Nyumba ndiyo hii hii unayoijua, haiishi kelele.

Barua zako tuma kwa sanduku la duka la mikate. Ni haraka zaidi.

Niambie mke wa daktari wa meno alibadilisha viatu?

Wako,
Chiriku


Jumapili, tarehe 18 Januari

Chiriku,

Ukurasa mmoja! Huyu ni Chiriku gani? Ulipokuwa mdogo marehemu mama alikuwa anakuomba upumzike ili mwenzako naye apate kumeza tonge. Na hilo sanduku la dukani la nini? Shemeji amepoteza ufunguo wa la nyumbani?

Mke wa daktari wa meno alikuja na viatu vya mvua vya mumewe. Meza aliteleza kwenye tope, akavutwa na watu wanne. Mwalimu aliandika tukio lile daftarini kwa herufi kubwa.

Lakini ninachotaka kukuambia si hicho. Jua hili limelipunguza bwawa, limeacha ukingo mpana wa tope. Pale kwenye tope wamejaa vipepeo, weupe na wa manjano, bawa kwa bawa, kama mashuka madogo yaliyoanikwa. Wanafyonza unyevu. Nilichutama kuwatazama, mmoja akaja akatua kwenye kidole changu gumba.

Mtunza akaninong'oneza, "Usitikisike, Mama. Anakunywa jasho lako. Anataka chumvi."

Nikatulia. Nilisikia ulimi wake, mwembamba kuliko uzi wowote nilioshika, unagusagusa ngozi. Miguu ikafa ganzi, na bado yupo. Sijui ilikuwa muda gani. Alipoondoka nilibaki nimechutama pale pale.

Mstari uliokuwa hapa nimeufuta, usihangaike kuusoma juani.

Bila shaka wenzangu wote walishika pumzi wakati ule.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 19 Januari

Kwa Mama mshonaji, Chumba cha Mashuka, Hospitali

Shikamoo Mama.

Nakuandikia kwa mkono, si kwa mashine ya ofisi, kwa sababu barua za ofisi zinapitia kwa karani, na karani anapenda kusoma.

Nashukuru kwamba umefika Jumamosi zote tatu. Naomba radhi kwamba zote tatu umekuwa peke yako. Siku ile ya kwanza uliniuliza langoni, "Wenzetu wako wapi?" Nikakujibu, "Wanakuja." Haikuwa kweli, Mama. Mwaka jana pia hawakuja. Ila wewe ulikuwa umevaa vizuri, umebeba chupa ya chai na vikombe vitano, nikashindwa kukuambia.

Sasa lazima nikuambie. Ofisi imesema matembezi yasipopata watu watano yafutwe mwisho wa mwezi huu. Mimi nitapelekwa stoo, kutunza mashine za kukatia nyasi. Si kazi mbaya. Lakini mashine hazihami wala hazirudi, na mimi nimezoea kusubiri vitu vinavyorudi.

Sikuandikii ili ulete watu. Nakuandikia ili Jumamosi ya mwisho isikushtukize.

Mtunza bustani


Jumatano, tarehe 21 Januari

Mwanangu mtunza bustani,

Marahaba. Usipange vitu vyako vya stoo bado. Jumamosi hii niachie lile daftari la mahudhurio nilijaze mwenyewe. Nina watu.

Mama mshonaji


Jumapili, tarehe 25 Januari

Mwanangu,

Nakurudishia daftari, nimemtuma mfagizi wa wodi akupe. Utaona jana tulihudhuria sita: mwalimu mstaafu, mke wa daktari wa meno, mume na mke wenye darubini, bwana mmoja mnene, na mimi. Wale watano walipitia upande wa pili wa bwawa, nyuma ya matete, ndiyo maana hukuwaona. Mwalimu ana mwandiko wa kuegemea kulia, yule bwana mnene anatumia mkono wa kushoto. Mke wa daktari wa meno hupenda wino wa kijani.

Naamini watatosha.

Mama mshonaji


Jumatatu, tarehe 26 Januari

Mama,

Shikamoo. Daftari nimelipokea na nimelipeleka juu.

Mkuu wa ofisi amefurahi kupita kiasi. Amesema Jumamosi hii, tarehe 31, atakuja mwenyewe na mpiga picha. Anataka picha ya washiriki wote sita wakiwa na darubini, iwekwe kwenye kalenda ya ofisi. Amemuuliza karani kama bwana mnene anaweza kusimama katikati.

Mama, nyuma ya matete hakuna njia. Kuna ukuta wa kiwanda. Nilijua hivyo nilipolipeleka daftari, na nililipeleka. Basi tuko wote ndani ya jambo hili.

Mtunza bustani


Jumanne, tarehe 27 Januari

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi ili ikufikie upesi. Kaa chini uisome.

Hakuna Meza. Yeye ni mgonjwa wa wodi ya wanaume niliyempanulia gauni kwa vipande viwili vya shuka, alikuwa mcheshi, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna mke wa daktari wa meno. Mwalimu ni mtu ninayemwona dirishani kwangu akipita na kofia yake, sijawahi hata kumsalimu. Wenye darubini sijui niliwatoa wapi. Jumamosi zote nimekuwa mimi na mtunza bustani, nyuma na mbele, na chai iliyobaki tunawamwagia mchwa.

Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa unanihurumia. Kila barua yako, "Njoo ukae kwetu, njoo ukae kwetu," nami nilikuwa naona sura ya shemeji akisogeza kiti chake kunipisha mezani. Sikutaka kuwa kile kiti cha ziada. Nikaona nikijaza bwawa watu, utaniacha nipumue.

Mstari niliofuta barua iliyopita ulisema hivi: sikumbuki mara ya mwisho kuguswa na kitu chenye uhai ambacho hakikuja kunipokonya nafasi kwenye foleni. Sasa umeujua.

Nisingekuandikia haya kama si shida iliyonipata. Nimeandika majina ya uongo kwenye daftari la ofisi ili matembezi yasifutwe, na Jumamosi hii mkuu anakuja kuwaona hao watu kwa macho. Huyu mtunza atapoteza kazi anayoipenda kwa ajili yangu. Wanahitajika watano. Wewe, shemeji na pacha ni wanne. Mimi wa tano. Pacha wakilalamika kuamka mapema waambie ni mama mkubwa ndiye anaomba, na sijawahi kuwaomba kitu tangu wazaliwe.

Njooni, mdogo wangu. Nitatandika mashuka sakafuni, mashuka ndicho kitu nilicho nacho.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 29 Januari

Dada yangu,

Barua hii siipeleki posta. Nitafika nayo kesho jioni. Nitakukabidhi mkononi, kisha nitageukia dirisha na wewe utasoma. Ulimi wangu wote huu, na hili limenishinda kulisema.

Hakuna wanne.

Shemeji yako aliondoka tangu mwezi wa nane. Hakupiga kelele, hakuvunja hata kikombe. Alisema anakwenda kuegesha lori, akaliegesha kwa mwingine. Nyumba ilikuwa ya kazini kwake, nikatakiwa kutoka. Pacha wako kazini, kila mmoja na mji wake, na baba yao amewaambia mimi ndiye niliyemfukuza. Wa kike ananijibu barua moja kati ya tatu. Wa kiume hajibu.

Nalala nyuma ya duka, kwenye chumba cha kuwekea unga. Nikiamka nina mvi za unga juu ya mvi zangu. Wateja wananiambia, "Chiriku leo kimya," nami nasema nina mafua. Nimeumwa mafua miezi mitano.

Kile chumba cha nyuma nilichosema nimekuandalia hakikuwepo, Dada. Nilikuwa nakuandikia uje kwa sababu mimi ndiye niliyetaka mtu. Nilijiambia, akikubali, hapo hapo nitamweleza kweli, na tutatafuta pa kukaa. Halafu ukaniandikia una watu, mnacheka mpaka mnafukuza ndege. Nilicheka, hilo halikuwa uongo. Kisha nikaenda kukaa juu ya gunia nikaona basi, dada naye nimemkosa, huyu hanihitaji.

Ungesema neno moja tu. Nami ningesema moja. Tumekaa kila mtu na chumba chake kimoja, tunatumiana nyumba iliyojaa watu.

Nakuja peke yangu. Najua mmoja na wewe ni wawili tu. Lakini nakuja.

Usiniambie kitu ukimaliza kusoma.

Chiriku


Ijumaa, tarehe 6 Februari

Kwa Mama mshonaji

Shikamoo Mama, na kwa mdogo wako pia kama hajaondoka.

Nakuandikia kutoka stoo. Hapa kuna mashine kumi na moja na dirisha moja.

Mdogo wako alifanya aliloweza. Bado namsikia. Mkuu alipohesabu akasema, "Wawili," yeye akasema, "Watatu, na huyu mtunza." Mkuu akasema, "Huyu ni mfanyakazi." Naye akamwuliza, "Kwani mfanyakazi hana macho ya kutazama ndege?" Mpiga picha alicheka mpaka akaweka kamera chini. Sijawahi kuona mtu akimwambia mkuu maneno yale akiwa anammiminia chai.

Na bado walikaa, Mama, uliona. Mkuu mwenyewe alisimama kwenye tope na viatu vyake, akawatazama wale vipepeo dakika tano nzima. Nilidhani ataghairi. Hakughairi. Sheria ni watano.

Mlipoondoka aliniita akauliza ni nani aliyeandika majina. Nikamwambia ni mimi. Wamenipa barua ya onyo, imewekwa kwenye faili langu. Usije ofisini kusahihisha. Mimi sina wa kumweleza nyumbani, kwa hiyo barua ile haimwumizi mtu.

Mtunza bustani


Jumapili, tarehe 15 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Tangu ulipopanda basi wiki mbili zilizopita nimeanza barua hii mara nne.

Jambo la kwanza. Nilikwenda ofisini, japo mtunza alinikataza. Nilimwambia mkuu, "Majina yote sita ni ya mkono wangu." Hakuamini. Nikaomba kalamu, nikamwandikia mwalimu kwa kuegemea kulia, nikamwandikia Meza kwa mkono wa kushoto. Alitazama ile karatasi, akanitazama mimi. Akauliza, "Mama, ulikuwa unapata faida gani?" Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikamjibu, "Nilitaka Jumamosi iwepo." Akaitoa barua ya onyo kwenye faili la mtunza, akaichana mbele yangu. Matembezi hayakurudi. Mtunza bado yuko stoo. Nimempelekea pazia kwa ajili ya lile dirisha lake moja, akalikunja akaniambia anashukuru ila hatalitundika, maana kuna mbayuwayu wanaopita.

Jambo la pili. Jana nilikwenda bwawani. Bustani iko wazi kwa kila mtu, ni mwongozaji tu ambaye hayupo. Nilikuwa peke yangu. Naandika hivyo hivyo: peke yangu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili. Niliona yangeyange wanne, mnandi mmoja akikausha mabawa, na ndege mdogo wa kahawia ambaye sikumjua na hapakuwa na wa kumwuliza. Vipepeo wamepungua, tope limekauka likapasuka. Nilibeba kikombe kimoja. Kulikuwa na ubaridi kidogo hivi, nikatamani mtu aseme, "Kuna ubaridi." Hakuna aliyesema. Nikarudi nyumbani.

Nawe niandikie hivyo hivyo, kama ilivyo. Ukila umesimama, andika umesimama.

Jambo la tatu. Siku ile uliponipa barua na kugeukia dirisha, uliniomba nisiseme kitu, nami nilikunja karatasi nikakuuliza kama umekula. Nimekuwa nikijilaumu kwamba hilo ndilo tu nililoweza. Sasa nina la kusema, lakini linanitoka vibaya nikijaribu kulisema kwa maneno mazuri, kwa hiyo nitalisema kishonaji.

Chumba cha pasi pale hospitalini wanatafuta mtu kuanzia Machi. Nimeuliza tu, sikutaja jina.

Asubuhi hii nimesogeza kitanda changu mpaka ukutani. Nimehamisha na lile kabati, sasa linaziba nusu ya dirisha, lakini mlango unafunguka. Nafasi iliyobaki nimeipima kwa futi yangu ya kushonea, mara mbili. Ni sentimita tisini na nne. Kitanda cha futi tatu kinaingia, na kinabaki upana wa kidole.

Sikulazimishi. Nakuambia kipimo tu.

Dada yako